SIKU MOJA KAZINI KWA MAMA



Somo letu la leo linahusu kijana na kazi ya mzazi wake. Watoto wetu wanajua kwamba baba au mama "yuko kazini". Wanamwona akitoka asubuhi na kurudi jioni amechoka. Wanajua pia kwamba daftari, sare na sabuni vinatokana na kazi hiyo. Lakini hebu mwulize kijana wako, "Mimi huko nafanya nini hasa?" Wengi watajibu kwa neno moja tu: "Unapima pamba." "Unashona." "Unaendesha gari." Zaidi ya hapo hawajui.

Zamani mambo hayakuwa hivyo. Mtoto wa mhunzi alikaa karibu na mivukuto. Mtoto wa mvuvi alijifunza kuziba nyavu akiwa bado mdogo. Alitazama, akauliza, akasahihishwa. Siku hizi kijana anashinda shuleni na mzazi anashinda kazini. Shule ni lazima, hilo hatubishani. Lakini siku moja ya likizo inatosha kumfungulia kijana mlango wa kazi ya mzazi wake.

Swali ni hili: siku hiyo itumike namna gani? Tutajifunza kwa mfano.

1. KITUO CHA KUNUNULIA PAMBA

Tuseme tuko katika kijiji kimoja cha Mkoa wa Simiyu, ambako pamba inalimwa sana. Wakulima hupanda mwezi wa Novemba au Desemba. Kuanzia Mei na Juni pamba inavunwa, inachambuliwa na kupelekwa kwenye kituo cha chama cha ushirika. Mama mmoja ni karani wa kituo hicho. Kazi yake ni kukagua pamba, kuipima, kuandika risiti na kutunza daftari la manunuzi.

Mama huyu ana binti wa miaka 15, yuko kidato cha pili. Shule zimefungwa kwa likizo ya Juni. Binti akasema, "Mama, kesho naomba twende wote kazini kwako."

Mama hakujibu papo hapo. Kwanza alikwenda kwa mwenyekiti wa chama kuomba ruhusa. Hili ni jambo la kwanza la kujifunza. Mahali pa kazi si sebuleni kwetu. Hata kama wewe ni mkubwa hapo, wako wengine wanaohusika, na wana haki ya kujua nani anakuja.

Mwenyekiti alikubali. Mama akampa binti masharti matatu:

(a) Asishike fedha wala kitabu cha risiti. Kosa likitokea humo, anayeulizwa ni karani.

(b) Asisimame nyuma ya lori wala kupanda juu ya mizigo.

(c) Aje na daftari na kalamu. Asiloelewa aliulize, lakini asimkatize mtu anayehesabu.

2. SIFURI KABLA YA MZIGO

Saa moja asubuhi walikuwa wamefika. Wakulima wachache walikuwa wamekwisha panga foleni. Mama alianza na kukagua. Aliingiza mkono katikati ya mzigo, siyo juu tu. Alitafuta majani makavu, mchanga na unyevu.

"Kwa nini unaingiza mkono mpaka katikati?" binti aliuliza.

"Kwa sababu juu kila mtu anaweka pamba nzuri," mama alisema. Watu waliokuwa karibu wakacheka, maana walijua ni kweli. "Pamba safi ina bei yake, na pamba fifi ina bei yake. Ukiweka maji au mchanga ili kuongeza uzito, unawaharibia wote. Pamba yenye maji huota ukungu na kubadilika rangi. Mchanga huharibu mashine. Mnunuzi akishaona uchafu, anashusha thamani ya pamba ya kijiji kizima."

Kisha walikwenda kwenye mizani. Siku hizi baadhi ya vyama vina mizani ya kidijitali, inayoonyesha namba kwa taa. Kituo hiki kilikuwa bado kinatumia mizani ya kuning'inia, yenye sura kama saa na mshale mmoja. Ilikuwa na muhuri wa Wakala wa Vipimo. Wakala huu ndio wenye kazi ya kukagua mizani ya biashara na kuipiga muhuri kila mwaka.

Mama akasema, "Mwanangu, watu wengi hutazama mizani wakati mzigo uko juu. Wamechelewa. Mizani hutazamwa kwanza ikiwa tupu. Kama haina kitu, mshale uko wapi?"

"Kwenye sifuri."

"Basi hiyo ndiyo kazi yako ya leo. Kabla mzigo haujapandishwa, tazama mshale. Ukiwa kwenye sifuri, weka alama ya vema katika daftari lako. Usipokuwa kwenye sifuri, niite."

Binti akaona ni kazi ndogo mno. Alitamani kupewa kitu kikubwa zaidi. Hata hivyo alikaa, akaanza kuweka alama zake.

3. SWALI LA BINTI

Mpaka kufika saa sita mchana binti alikuwa na alama 14. Jua lilikuwa kali na foleni ilikuwa ndefu. Akatumwa kuleta maji ya kunywa. Alipokuwa ameondoka, mama alipima mizigo miwili. Watu walikuwa wanaharakisha, na mzigo mmoja ulikuwa umeningʼinizwa kwa kishindo.

Binti aliporudi, mizani ilikuwa tupu, ikingoja mzigo mwingine. Akatazama mshale. Ulikuwa umesimama chini ya sifuri, kiasi cha kilo moja.

"Mama," alisema polepole, "mbona mshale haujarudi kwenye sifuri?"

Watu walinyamaza. Mkulima mmoja akasema, "Kilo moja tu hiyo, mama karani. Tuendelee, jua linatuunguza."

Binti akauliza tena. Hakuuliza kwa ubishi, aliuliza kama mwanafunzi: "Kama mizani inapunguza kilo moja kwa kila mtu, hiyo kilo inakwenda wapi? Inakuwa ya nani?"

Ndugu msomaji, soma tena swali hilo. Pamba haipotei. Mkulima ameleta kilo 37, risiti imeandikwa 36. Hiyo kilo moja imeingia ghalani, lakini haina mwenyewe kwenye karatasi. Kitu kisicho na mwenyewe kwenye karatasi kinaweza kupata mwenyewe gizani. Ndiyo sababu wakulima wengi hawaamini vituo, hata pale ambapo karani ni mwaminifu.

Mama alisimamisha kazi. Akamwita mwenyekiti. Walirudisha mshale kwenye sifuri kwa skrubu yake ndogo. Kisha wakaningʼiniza jiwe la mizani la kilo 20 lenye muhuri. Mshale ukasoma 20 kamili. Kama ungekataa, ingebidi kituo kifungwe mpaka Wakala wa Vipimo aitwe, maana karani hana ruhusa ya kufungua mizani na kuitengeneza.

Halafu wakauliza: ni nani aliyepunjwa? Hapo daftari la binti likafanya kazi. Mizigo 14 ya kwanza ilikuwa na alama ya vema. Mizigo isiyo na alama ilikuwa miwili tu. Mmoja ulikuwa bado umefungwa, wakaupima upya. Mwanzo ulisoma kilo 36. Sasa ulisoma kilo 37. Wa pili ulikuwa umekwisha mwagwa ghalani na mwenyewe ameondoka. Mwenyekiti alimtuma kijana wa baiskeli akamrudishe. Risiti yake ya kwanza ilifutwa mbele ya watu, ikaandikwa nyingine yenye nyongeza ya kilo moja. Mkulima, karani na mwenyekiti wote waliweka sahihi.

Mwenye mzigo wa kilo 37 alikuwa mzee wa makamo ya babu. Akamwambia binti, "Mjukuu wangu, miaka yote mimi natazama mshale mzigo ukiwa juu. Kumbe kutazama kunaanza kabla!"

Kazi ilichelewa kwa karibu saa moja. Wengine walinungʼunika. Lakini kuanzia mzigo uliofuata, kila mkulima aliyefika mbele ya mizani alitazama kwanza sifuri, ndipo akapandisha mzigo wake.

4. HESABU YA KILO MOJA

Hebu tufanye hesabu. Tutatumia bei ya mfano, shilingi 1,000 kwa kilo, ili hesabu iwe rahisi. Bei halisi hutangazwa kila msimu.

Mkulima mmoja akipunjwa kilo 1, anapoteza shilingi 1,000. Anaweza kusema, "Haidhuru."

Wakulima 30 kwa siku: kilo 30, sawa na shilingi 30,000.

Siku 20 za kununua: 30 x 20 = kilo 600.

Kilo 600 x shilingi 1,000 = shilingi 600,000.

Tunasema haba na haba hujaza kibaba. Ni kweli. Lakini hapa tuulize pia: kibaba cha nani?

5. MIZANI NA WAZEE WETU

Jambo hili la mizani lina historia katika nchi yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa walikuwa wakilalamika kwamba mizani ya wanunuzi inawapunja. Hawakuishia kulalamika. Waliweka watu wao waliojua kusoma mizani, wakasimamia upimaji. Kutokana na juhudi hizo vyama vya ushirika vya wakulima vilistawi. Mwaka 1955 vyama hivyo vilikuwa na shirikisho lao, Victoria Federation of Co-operative Unions, na Paul Bomani alikuwa mmoja wa viongozi wakubwa wa harakati hizo.

Tazameni, basi. Ushirika wa pamba ulipata nguvu kwa watu waliojua kusoma namba kwenye mizani. Kusoma siyo mapambo. Aliyejifunza kusoma akiwa mtu mzima, kisha akasimama mbele ya mizani bila kuitazama, ameiacha elimu yake nyumbani.

6. KUTAZAMA SI KUAJIRIWA

Sasa tuseme jambo moja waziwazi. Wako wazazi ambao wakisikia somo hili watasema, "Vizuri! Kesho nampeleka kijana wangu akabebe mizigo, anisaidie." Hapana. Siku ya kujifunza siyo siku ya kupata kibarua wa bure.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Mtoto wa miaka 14 anaweza kufanya kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya yake na isiyomzuia kwenda shule. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuajiriwa mgodini, kiwandani, wala mahali pengine penye kazi za hatari. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kufanyishwa kazi usiku, yaani kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi.

Sheria hizi zina sababu zake. Mwili wa kijana bado unajengeka. Mzigo mzito huumiza mgongo. Vumbi la pamba huingia kifuani. Dawa za kuua wadudu humdhuru mtoto upesi kuliko mtu mzima. Na kijana aliyezoea kupata vijisenti vya kibarua anaweza kuona shule inamchelewesha.

Kwa hiyo kumbukeni tofauti. Katika mfano wetu binti hakubeba gunia hata moja. Alitazama, aliandika, aliuliza. Na swali lake lilikuwa na faida kituoni kuliko magunia ambayo angeyabeba.

7. MAZUNGUMZO YA JIONI

Walipokuwa wakirudi nyumbani mama alimwuliza, "Umeona nini leo?"

Binti akasema, "Nilidhani kazi yako ni kuandika tu. Sikujua kwamba watu wote wale wanakutegemea." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mama, kama mimi nisingekuwepo, ungesimamisha kazi?"

Swali hilo lilikuwa zito kuliko lile la mchana. Mama angeweza kukasirika. Angeweza kusema, "Usinivunjie heshima." Lakini alijibu, "Kama ningeuona mshale, ningesimamisha. Lakini leo nilikuwa na haraka, sikuutazama. Ndiyo maana kesho nitamwomba kila mkulima autazame pamoja nami, maana wewe hutakuwepo."

Hapo ndipo kiini cha somo letu kilipo. Tunadhani tunampeleka mtoto kazini ili yeye ajifunze. Ni kweli, lakini ni nusu. Unapomwonyesha mtoto kazi yako, unalazimika kuieleza. Na ukiieleza, unaona pale ulipozoea kupita haraka. Kazi uliyoifanya miaka 10 inapata macho mapya. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na sehemu ya malezi ni kile anachokuona ukikifanya wakati foleni ni ndefu na jua ni kali.

8. KAMA KAZI YAKO NI NYINGINE

Si lazima uwe karani. Kila kazi ina "sifuri" yake, yaani jambo dogo la kuanzia ambalo likikosewa, yote yanaharibika. Mwonyeshe kijana wako jambo hilo.

Mkulima amwonyeshe nafasi kati ya shimo na shimo, na amweleze kwa nini ni hiyo. Fundi cherehani amwonyeshe kupima kabla ya kukata, maana kitambaa kilichokatwa hakirudi. Mama lishe amwonyeshe hesabu ya unga, mafuta na kuni, ili aone faida inavyobaki kidogo. Dereva amwonyeshe kukagua breki, magurudumu na maji kabla ya kuwasha gari. Mfanyakazi wa zahanati amwonyeshe usafi na utunzaji wa kumbukumbu, lakini asimwingize kwenye chumba cha wagonjwa. Siri ya mgonjwa si ya kuonyeshwa mtu.

Wapelekeni wasichana na wavulana pia. Mvulana naye aende kuona kazi ya mama yake, na msichana aende kuona kazi ya baba yake.

MANENO YA KUJIFUNZA

Karani: mtu mwenye kazi ya kuandika na kutunza kumbukumbu.

Pamba fifi: pamba chafu au iliyobadilika rangi, yenye bei ya chini.

Kupunja: kumpa mtu pungufu ya haki yake.

Muhuri: alama rasmi inayoonyesha kwamba kitu kimekaguliwa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mama aliomba ruhusa kwa mwenyekiti kwanza?

2. Daftari la binti lilisaidiaje kuwajua waliopunjwa?

3. Mkulima mmoja alisema, "Kilo moja tu hiyo." Mnakubaliana naye? Toeni sababu.

4. Taja mambo mawili ambayo kijana wa miaka 15 anaweza kuyatazama mahali pako pa kazi, na mawili ambayo hapaswi kuyagusa.

ZOEZI LA HESABU

Mkulima amepeleka pamba kituoni mara 4 katika msimu. Kila mara mizani ilimpunja kilo 2. Bei ya mfano ni shilingi 1,000 kwa kilo. Amepoteza shilingi ngapi? Fanya hesabu hiyo pamoja na mtoto wako, kisha mwache yeye akusahihishe.

KAZI YA NYUMBANI

Kabla likizo haijaisha, chagua siku moja. Omba ruhusa panapohusika. Mpeleke kijana wako kazini, akiwa na daftari na kalamu. Jioni mwulize, "Umeona nini?" Msikilize mpaka amalize. Kisha andika barua fupi ya mistari 10 juu ya jambo alilokuuliza ambalo hukuwa na jibu lake, uisome mbele ya wenzako darasani.